Kitenge cha Mwanzilishi

Mkongomani akimheshimu mtu hamjengei sanamu. Anamvaa. Padre akitimiza miaka hamsini ya upadre, sura yake inachapwa kwenye kitenge, na kufika Jumapili parokia nzima ina padre kifuani, padre begani, na kwa wale mama waliojaliwa, padre mmoja mpana kwa nyuma, anatabasamu kila mama akipiga hatua. Hakuna anayecheka. Ni heshima.

Ndiyo maana Adolphine, ambaye watu wengi wanamwita Mama Gloire kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliposikia kwamba wazee Wamarekani wa kanisa la matofali mekundu wanataka kuwaachia kabisa Wakongomani jengo wanalowaazima kwa mwaka wa pili sasa, hakuuliza habari ya paa wala ya bomba la maji. Aliuliza mwanzilishi wa kanisa ni nani, kwa sababu lazima avaliwe.

Adolphine anakaa mtaa wa Newburg, mjini Louisville, Marekani, apatimenti ya chini, cherehani mbili sebuleni na kochi moja lililosukumwa mpaka ukutani kama mgeni ambaye hajaambiwa aende wala akae. Asubuhi mpaka saa tisa anapanga maboksi kwenye ghala la vifurushi. Jioni anashona. Kanisani yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama, na ukiwa mwenyekiti wa akina mama una mamlaka kuliko pasta, isipokuwa hutangazi.

Mwanzilishi hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa ametundikwa koridoni, kati ya choo cha wanaume na kabati la sahani: picha ya kuchorwa ya mzungu mwenye nyusi nene na kola nyeupe, shingo ndefu, kama anachungulia uani kwa jirani. Chini yake kibao cha shaba kilisema kwa Kiingereza: Mchungaji Obadiah Crutcher, mwanzilishi wa kanisa hili, mmisionari kwa watumwa.

Adolphine alikisoma mara mbili. Kwa watumwa. Donc, yaani basi, huyu ndiye mzungu aliyewaacha matajiri akawafuata watu wa chini. Yeye kwao Uvira, nyanya yake alibatizwa na mmisionari wa kutoka Swideni, mwanamke mwenye meno makubwa aliyekuwa akitembea milimani na sanduku la dawa. Kwa Adolphine neno mmisionari lina harufu ya kwinini na sabuni. Akampiga Mchungaji Crutcher picha kwa simu, akaituma kwa mtu mmoja wa Lubumbashi anayejua viwanda vya China, na baada ya miezi miwili kitenge kikafika: bluu ya kwaya, miduara ya njano, na ndani ya kila mduara kichwa cha Crutcher kikubwa kama sahani ya ugali, kimezungukwa na maneno Asante Mwanzilishi Wetu.

Kilikuwa kizuri, hata adui angekubali. Akakata vipande vya Columbus, kwa Uwera wa kitongoji cha Westerville anayeongoza kwaya ya kule, na vya Buffalo, kwa koko Nyirangabo wa Black Rock, bibi wa kanisa lote. Makanisa hayo matatu ni ndugu: ni watu wa kambi moja ya wakimbizi, ndege iliwamwaga miji mitatu. Nguo themanini na nne zikashonwa. Siku ya kupokea funguo, Jumapili, kwaya zote tatu zingeingia zimevaa sare.

Nguo ya themanini na tano Adolphine aliishona mwenyewe kwa siri. Ilikuwa ya Odessa.

Odessa Tandy ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisville, miaka sitini na moja, wanafanya kazi mstari mmoja pale ghalani. Ndiye aliyemfundisha Adolphine kushika mashine ya kusoma maboksi bila kuumiza kidole gumba. Mwaka mzima kabla Adolphine hajapata leseni, Odessa alimpitia asubuhi na gari lake, hapigi honi, anangoja tu na kahawa mbili. Wema wa namna ile haulipiki kwa sambusa. Kwa hiyo Adolphine alimpima kwa macho, wiki nzima, Odessa akiinama na kuinuka, mpaka akapata vipimo vyote, halafu akamwambia Alhamisi apite nyumbani baada ya kazi.

Odessa aliufungua mfuko polepole. Akaitandaza kanzu mapajani. Mchungaji Crutcher akamwangalia kutoka gotini.

Adolphine alingoja asifiwe, kama fundi yeyote. Sifa zilipochelewa akaanza kujisifu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha ghalani.

"Pale kifuani nimemweka katikati. Mshono haukumkata uso. Hiyo ni kazi ngumu, Mama Odessa."

"Umempata wapi huyu?"

"Kanisani kwetu. Koridoni. Ndiye mwanzilishi. Mmisionari wa watumwa."

Odessa alikunja kitambaa mara moja, sura ikaingia ndani. "Na hao watumwa, Dolphine, walikuwa wa nani?"

Adolphine hakuwa amewahi kujiuliza. Kwenye kile kibao watumwa walikuwa wapo tu, kama mvua ilivyo. "Wa matajiri," akasema.

"Matajiri gani?"

"Wenye mashamba."

"Yeye alikuwa na shamba," Odessa alisema. "Katani ya kusokotea kamba. Alikuwa na watu ishirini na watatu wake mwenyewe. Asubuhi anawahubiria majirani zake, mchana anawakusanya watu wao na wake, anawahubiria na wao. Hiyo ndiyo misheni."

Hakupandisha sauti. Adolphine angefurahi kama angepandisha. Odessa alitoa simu, akavaa miwani. Miaka sita, kila Jumamosi, alikuwa akiwatafuta watu wake kwenye makaratasi ya maktaba na ya makanisa, na nakala ya kitabu alichokiandika Crutcher kwa mkono ilikuwa humo, kila ukurasa umepigwa picha.

"Kusoma walikatazwa," alisema. "Aliwafundisha kwa mdomo. Anauliza, wanajibu wote pamoja. Soma hapa."

Adolphine alisoma kwa shida, herufi zilikuwa zimelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Ukificha mkate wa bwana wako, nani anakuona? Mungu. Ukipumzika kabla ya jua kushuka, unamwibia nani? Mungu. Ukikimbia, unamkimbia nani?

Jibu alilijua kabla ya kufika.

Yeye mwenyewe ni mwalimu wa watoto wa Jumapili. Anauliza, wanajibu wote pamoja. Alihisi kama mtu aliyefungua sufuria ya jirani akakuta kijiko chake.

"Sasa hapa," Odessa alisema, akasogeza picha kwa kidole. "Alikuwa anafungisha ndoa pia. Hawa ni Ned na Charity. Wote wa kwake. Soma kiapo."

Kilikuwa kiapo kile kile. Kupenda, kutunza, ugonjwa na afya. Mwisho ndio ulikuwa mwingine. Mpaka kifo au umbali utakapotutenga.

Adolphine alidhani Kiingereza kimemshinda. "Hii ni nini? Umbali?"

"Umbali."

"Kwa nini anasema umbali kwenye harusi?"

"Kwa sababu alijua," Odessa alisema. "Hakutaka waseme uongo mbele ya Mungu. Alikuwa mtu makini." Akasogeza tena. Pembeni ya jina la Ned kulikuwa na neno moja dogo, Natchez, na tarehe, miezi minane baada ya harusi. Mwandiko ule ule. "Kule ni chini, mto unakoelekea. Kwenye pamba. Alimuuza. Charity alibaki na mimba. Mimi natoka kwenye mimba ile."

Sasa, Adolphine anaujua umbali. Kambini faili lao lilikatwa vipande viwili, hakuna aliyeeleza kwa nini, yeye na watoto wakaletwa Louisville na mume wake Hyacinthe akabaki miaka minne. Miaka minne ya kuzungumza na mume kwenye kioo cha simu, uso unaganda mdomo wazi. Alimlilia Mungu juu ya umbali ule, alimwuliza maswali. Lakini hata siku moja hakuwaza kwamba mtu anaweza kukaa mezani na kalamu, bi harusi na bwana harusi wamesimama mbele yake wanatetemeka kwa furaha, yeye akauandika umbali mapema. Akauombea baraka.

Alisogeza simu irudi upande wa Odessa.

Odessa alirudisha kanzu kwenye mfuko, akaipigapiga ikae vizuri. "Umeshona vizuri. Mishono imenyooka," alisema, na alimaanisha. Akauacha mfuko juu ya kochi. "Lakini Jumapili sitakuja, Dolphine."

*

Ijumaa saa sita mchana Adolphine aliomba ruhusa ghalani, akamfuata Pasta Sebineza kwenye maegesho ya kiwanda cha vipuri anakofanya kazi. Pasta anakula chakula cha mchana ndani ya gari, peke yake, kwa sababu ndiyo nusu saa pekee kwa siku ambayo hakuna mtu anayemletea shida. Adolphine aliingia mlango wa pili akamletea.

Pasta alisikiliza, kijiko kikasimama njiani. Aliposikia lile neno la umbali alifunika sahani yake. Si mtu mbaya, Sebineza. Alizika watu wengi sana milimani kabla hajafika umri wa kuoa, na mambo ya kuumiza yanamwingia haraka.

"Bon, haya," alisema. "Tufanye hivi. Jumapili tupokee funguo. Jumatatu tunachoma yote."

"Na Jumapili nimvae?"

"Siku moja tu, Mama Gloire."

"Pasta, minamjua sasa. Nitamvaa namna gani?"

"Basi usifikirie. Sikiliza. Wale wazee wamebaki kumi na tisa. Wanatuachia nyumba ya Mungu bila hata kuomba fagio. Sasa weye unaenda kwao siku mbili kabla, unatukana babu yao? Na watu wa Buffalo wameshatoka, wanalala Columbus leo. Wamebeba hiyo nguo moja. Unataka wamama waimbe na nini? Na taulo?"

"Odessa ni rafiki yangu."

"Minajua."

"Amesema hatakuja."

"Donc hataiona," Pasta alisema, na mara moja akaonekana anatamani angeyameza tena maneno yale. Akatazama usukani. "Kitu minaogopa ni funguo, Mama Gloire. Sitakudanganya. Tumehama mara ngapi?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kwanza gereji ya Hakizimana, mmoja wa waumini, halafu chumba cha shule, halafu duka lililofungwa lenye harufu ya samaki. Adolphine alifungua mlango akashuka.

*

Jumamosi asubuhi alimkuta Mzee Harlan Yount kanisani, anafuta mabenchi kwa mafuta ya limau. Mzee Harlan ana miaka themanini na minne na ndiye mkubwa wa wale kumi na tisa. Adolphine alikuwa amekariri Kiingereza chake usiku wote na asubuhi yote, kama shahidi anayekwenda mahakamani. Alikuwa amepanga kuanza kwa salamu, halafu habari ya afya, halafu kidogokidogo kumwambia mzee wa watu kwamba mtu aliyemheshimu maisha yake yote alikuwa anauza wanadamu. Aliogopa moyo wa mzee. Hata alitazama kama kuna maji karibu.

"Mzee Harlan, ninataka kuuliza habari ya Mchungaji Crutcher. Nimeambiwa kuna kitabu."

"Kipo," mzee alisema. Akaweka kitambaa chini, akaenda kwenye kabati la sahani, akavuta droo ya chini, na kitabu chenyewe kikatoka pale, kimefungwa kwenye foronya, jirani na vijiko. Akakiweka juu ya benchi. "Ukurasa gani?"

Adolphine alimwangalia. "Wewe umekisoma?"

"Baba yangu alinisomea nikiwa na miaka kumi na mbili. Kila mmoja wetu anakijua. Hatujivunii."

"Ned na Charity. Unawajua?"

"Natchez," mzee alisema, na akafumba macho kidogo.

Adolphine alishika mgongo wa benchi, kukawa na utelezi wa mafuta. Maneno aliyokariri yote yakawa hayana kazi. "Kwa nini hamkutuambia?"

Sasa ilikuwa zamu ya mzee kushangaa. Alimtazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama, akiwa hajui imesimama tangu lini.

"Tulidhani mnajua," alisema. "Kibao kinasema. Mmisionari kwa watumwa. Hapa kila mtu anajua maana yake." Akakaa chini. "Siku ile ulipotuonyesha kitambaa, Lorraine alilia garini mpaka nikaegesha kando. Alisema, Harlan, wametusamehe. Watu weusi wamemchukua yule mtu na yote aliyoyafanya, na wamemvaa. Kabla ya hapo tulikuwa tunazungumza tu, siku ile ndipo tulipopiga kura ya kuwapa jengo."

Adolphine aliikumbuka siku ile. Bi Lorraine, mke wa mzee, alimkumbatia muda mrefu, akaliachia bega lake likiwa limelowa. Adolphine alidhani bibi amependa rangi.

"Sisi tumefika hapa mwaka elfu mbili na kumi na sita," alisema. Hakujua kwa nini alianzia hapo. "Sisi ni wa Congo, mzee. Hatukujua. Mimi sikujua."

"Hukujua," mzee alisema.

"Niliona ni mzuri. Kama wa kwetu."

Walikaa benchi moja, yeye huku na mzee kule, na kitabu katikati kwenye foronya yake yenye maua. Nje gari la takataka lilipita, likarudi nyuma likipiga kelele zake, likaondoka.

*

Magari mawili ya abiria yaliingia saa saba, yameandamana kutoka Columbus. Akina mama wakashuka ukumbini wamekwisha kuvaa, maana walitaka picha kabla jasho halijaanza. Vichwa vya Crutcher zaidi ya mia tatu vikajaa mlangoni, vingine vimekunjamana, vingine vimenyooshwa vizuri na unene wa mwili.

"Mwenyekiti," Uwera wa Westerville alisema, anazunguka ili Adolphine aone mgongo, "tazama. Yule fundi wangu wa Columbus amemweka pale pale. Nikikaa, mzee anapumua kwa shida."

Wakacheka. Adolphine hakucheka, na kwa mtu kama Adolphine hiyo ni habari ya msiba. Kicheko kikazimika kimoja kimoja.

"Nani amekufa?" koko Nyirangabo aliuliza.

"Kaeni, mama zangu," Adolphine alisema. Halafu akaona wanamkalia Crutcher, akasema, "Hapana. Simameni."

Akawaambia wakiwa wamesimama. Hakupamba. Ishirini na watatu wake mwenyewe. Maswali na majibu. Kiapo cha umbali. Natchez. Mwanamke mmoja wa Buffalo, Gentille, ambaye mume wake bado yuko kambini mwaka wa saba huu, alikuwa ameshika kitenge chake mbali na tumbo kwa vidole viwili, kama kimelowa.

"Ni mimi nilimchagua," Adolphine alisema. "Sikuuliza mtu. Niliona picha nikaona mtakatifu. Kosa ni langu."

"Nimemleta huyu mtu masaa matatu na nusu nimemkalia," Uwera alisema taratibu. "Na bado minaona haikutosha."

Koko Nyirangabo ndiye aliyejibu, na alijibu kwa hasira kidogo, maana amesafiri siku mbili na magoti yake.

"Mtoto wangu, sisi tulivaa rais miaka thelathini. Kifuani, kwa matako, kwa kichwa. Nani alimpenda? Nguo ni nguo. Tuimbe, tuchukue funguo, turudi kwetu."

"Koko, rais tulijua anatulazimisha. Hata yeye alijua." Adolphine alivuta pumzi. "Hawa wazee wanadhani tumemsamehe. Niliongea na Mzee Harlan leo. Wao wanajua kila kitu tangu watoto. Waliona kitenge, wakalia. Wakasema, hawa watu weusi wametusamehe. Hiyo ndiyo nguo inasema. Tukiingia nayo kesho, tumesema ndiyo."

Koko alikulia juu milimani kwenye nyasi, kwa baba mwenye ng'ombe, na kuna mambo ambayo ukimwambia kwa maneno ya kitabu hayaingii, lakini hili liliingia moja kwa moja. Alianza kufungua fundo la kitenge kiunoni.

"Kwetu," alisema, anahangaika na fundo, "mtu akiiba ng'ombe ya jirani yako, na weye ukaenda kumsamehe, umekuwa mwizi wa pili. Nisaidieni hapa, vidole vimekufa."

Mmoja akauliza kama haiwezekani kugeuza, sura ikae ndani. Adolphine akatikisa kichwa. Kitenge cha wax hakina upande wa ndani. Rangi inapenya, Crutcher ni yule yule mbele na nyuma. Basi wakavua. Pasta Sebineza alifika saa nane na chupa za maji akakuta akina mama wamevaa chochote kilichopatikana kwenye mabegi, masweta na suruali za kulalia na makoti ya baridi, na koko Nyirangabo ndani ya jaketi la timu ya mpira la mjukuu wake lenye namba kumi na saba, anajaza kitenge kwenye mifuko myeusi ya takataka kama mtu anayevuna viazi.

Pasta alitazama mifuko. Akaweka maji chini.

"Nani atawaambia?" aliuliza.

"Mimi," Adolphine alisema. "Weye utatafsiri."

*

Jumapili kwaya tatu ziliingia kama watu waliookolewa kwenye moto. Wale Wamarekani kumi na tisa walikaa benchi mbili za mbele, Bi Lorraine na kofia ya zambarau hafifu, na Adolphine alimwona akitafuta bluu na njano kwa macho, benchi hadi benchi, halafu akaacha kutafuta.

Mzee Harlan alikuwa na bahasha ya funguo. Alikuwa hajamwambia mke wake habari ya jana, hilo lilionekana.

Adolphine alichagua kusema Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chake ni cha maboksi. Lakini alijua hatari yake. Pasta ni mtafsiri laini. Mwaka uliopita mtu mmoja alisimama akawalaumu wazee kwa baridi ya kanisani, na kwa Kiingereza cha Pasta ikawa shukrani kwa hewa safi.

"Waambie," alisema, "ile nguo ilisema neno ambalo sisi hatukulisema. Mimi niliishona bila kujua. Nawaomba radhi kwa hilo."

Pasta akatafsiri.

"Waambie hatukuwasamehe. Si kwa sababu tuna hasira. Ng'ombe haikuwa yetu."

Pasta alifunga mdomo. Adolphine alimwona akitazama bahasha kwenye goti la Mzee Harlan. Halafu akatafsiri lote, na ng'ombe akaiweka, na aliposema kwa Kiingereza kwamba haikuwa yetu, sauti ilimkatika akairudia tena, kwa nguvu zaidi.

Bi Lorraine alikuwa amegeuka kumtazama mume wake. Mzee Harlan hakumwangalia. Alisimama kwa kushika benchi, akaenda mpaka madhabahuni, akaweka bahasha mbele ya Pasta.

"Jengo ni lenu," alisema. "Hili ni jambo lingine. Hatukuwa tunauziana."

Akarudi kukaa. Ndipo bibi akasimama. Kofia ilikuwa imemwendea upande mmoja na hakuigusa. Hakumwambia Pasta, alimwambia Adolphine moja kwa moja, polepole, ili aelewe.

"Basi tumwombe nani msamaha?"

Adolphine alimwelewa. Kwaya zote zilimwelewa, hata wasiojua Kiingereza, kwa namna alivyosimama. Na jibu lilikuwepo, lilikuwa na anwani, dakika nane kwa gari, nyumba yenye kibaraza cha kijani. Mdomo wa Adolphine ukafunguka kulitoa. Akaufunga. Kwao hupeleki wageni kwenye nyumba ya mtu kabla hujauliza kama anataka wageni, na hawa wangekuwa wageni wazito.

"Ngoja," alisema.

Alitoka kwa mlango wa pembeni, kanisa lote limekaa, akasimama kwenye nyasi akapiga simu. Iliita mara nyingi. Alijua Odessa anaiona, anaitazama ikiita.

"Ndiyo, Dolphine."

Alimweleza. Kiingereza kilimtoka kilivyotaka, bila nyakati, bila adabu. Nguo tumevua. Ziko kwenye mifuko ya takataka. Kitabu wanacho, wanakijua wote. Bibi mzungu amesimama, anauliza amwombe nani. Sikumpa jina lako. Sikumpa nyumba yako. Nimekuja kuuliza kwanza.

Adolphine aliitazama simu kuona kama imekatika. Sekunde zilikuwa zinaenda.

"Anauliza leo," Odessa alisema mwishowe. "Kitabu wamekaa nacho pale miaka yote hiyo."

"Kwenye droo ya vijiko."

"Droo ya vijiko."

Alisikika akivuta kiti, akikaa.

"Waambie wangoje," Odessa alisema.

"Mpaka lini?"

"Waambie wangoje, Dolphine. Nitajua mwenyewe."

Adolphine alirudi ndani. Bi Lorraine alikuwa bado amesimama, peke yake katika benchi nzima, mkono mmoja kwenye bega la mume wake. Adolphine alipita katikati ya mabenchi mpaka akafika mbele yake, akamwambia kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila Pasta.

"Amesema mngoje."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kuuliza kitu kingine, ilionekana, mdomo ulijaribu mara mbili. Halafu akakaa chini, akaweka mikono mapajani, akaanza kungoja.